Henrietta Lacks: Mama aliyekufa, seli zake zikakataa kufa

KATIKA makaburi ya ukoo mmoja karibu na mji mdogo wa Clover, jimbo la Virginia, nchini Marekani, kulikuwa na kaburi lililokaa miaka 59 bila jiwe wala jina. Mpita njia asingeweza kujua ni nani aliyelazwa hapo. Ilhali katika muda huohuo, sehemu ya mwili wa marehemu huyo ilikuwa hai, ikizaana ndani ya chupa katika maabara za ulimwengu mzima, ikiuzwa na kununuliwa, ikisafirishwa kwa ndege, na hata kurushwa anga za juu.

Marehemu huyo ni Henrietta Lacks, Mmarekani Mweusi aliyeaga dunia mwaka wa 1951 akiwa na umri wa miaka 31 tu. Hakuwa daktari wala mwanasayansi. Alikuwa mkulima wa tumbaku na mama wa watoto watano. Lakini leo ni vigumu kumpata mtaalamu wa saratani asiyejua habari zake, kwa maana mwili wake ulisaidia kutegua kitendawili kikubwa: kwa nini seli za mwili wa binadamu huchoka na kukoma baada ya muda wake, na kwa nini zile za saratani hazijui kuchoka?

MJUKUU WA MKULIMA

Bi. Henrietta alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 katika mji wa Roanoke, Virginia. Jina alilopewa lilikuwa Loretta Pleasant. Jina la Henrietta lilikuja baadaye, na hata jamaa zake hawakuweza kueleza lilitoka wapi. Wao walizoea kumwita Hennie.

Mwaka wa 1924 mama yake alifariki akijifungua mtoto wa kumi. Baba mtu, alipoona mzigo wa kuwalea watoto wote umemshinda, aliwachukua akawapeleka Clover, na huko wakagawanywa kwa jamaa. Henrietta, akiwa na umri wa miaka minne, alimwangukia babu yake, mzee Tommy Lacks. Nyumba ya mzee huyo ilikuwa ya magogo, na zamani ilikuwa makao ya watumwa. Humo ndani Henrietta alimkuta binamu yake, David, ambaye kila mtu alimwita Day. Wakalelewa pamoja.

Maisha yao yalikuwa ya jembe. Walidamka alfajiri kulisha mifugo na kupalilia bustani, kisha wakaingia katika shamba la tumbaku lilelile ambalo wazee wao walilima wakiwa watumwa. Henrietta aliacha shule alipofika darasa la sita. Alimzaa mwanawe wa kwanza, Lawrence, mwaka wa 1935 akiwa na miaka 14, na mwaka wa 1939 akamzaa Elsie, binti aliyekuwa na kasoro ya akili na kifafa. Baba ya watoto hao alikuwa Day, na wawili hao walifunga ndoa tarehe 10 Aprili 1941.

Mwaka huohuo tumbaku haikuwa ikilipa, lakini viwanda vya chuma vilikuwa vikitafuta watu kwa ajili ya vita. Day alipata kazi katika kiwanda cha Sparrows Point karibu na mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, na familia ikahamia mtaa wa Turner Station. Huko walizaliwa watoto wengine watatu: David mwaka wa 1947, Deborah mwaka wa 1949, na Joseph mwaka wa 1950.

Waliomjua wanasema alikuwa mama mchangamfu, mpenda kucheza dansi, na mkarimu. Jamaa waliokuja kutoka Clover kutafuta kazi walifikia kwake, wakala na kulala. Na jambo moja hakulikosa hata siku za kazi nyingi: kucha zake zilipakwa rangi nyekundu kila mara.

FUNDO TUMBONI

Kabla hajapata mimba ya Joseph, Bi. Henrietta aliwadokezea binamu zake kwamba alikuwa akisikia kitu kama fundo ndani ya tumbo la uzazi. Hakwenda hospitali upesi. Mtu mweusi wa wakati ule hakukimbilia daktari kwa kila jambo, na hospitali nyingi hazikumtaka.

Tarehe 29 Januari 1951, akiwa anatokwa na damu isivyo kawaida, mumewe alimpeleka katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka wa 1889, ilikuwa mojawapo ya chache zilizowatibu maskini weusi, ingawa waliwekwa katika wodi zao peke yao. Daktari Howard Jones alimpima, akaona uvimbe katika mlango wa kizazi. Siku chache baadaye majibu yalirudi. Ilikuwa saratani.

Tiba ya siku hizo ilikuwa ni kutia mirija midogo ya madini ya radiamu karibu na uvimbe ili miale yake iuchome. Bi. Henrietta alitia sahihi kukubali matibabu hayo. Lakini alipokuwa amelazwa mezani akiwa amepigwa dawa ya usingizi, daktari alikata vipande viwili vidogo, kimoja kutoka kwenye uvimbe na kingine kutoka kwenye nyama nzima iliyo kando yake. Mgonjwa hakuulizwa, wala hakuelezwa. Haikuwa siri ya hospitali moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya wakati huo, na sheria haikuikataza.

Vipande hivyo vilipelekwa katika maabara ya Dkt. George Gey. Bwana huyu pamoja na mkewe Margaret walikuwa wamehangaika kwa karibu miaka 30 kujaribu kukuza seli za binadamu nje ya mwili, na kila mara seli hizo zilikufa. Msaidizi wake, Mary Kubicek, alivikatakata vipande vile, akavitia katika mirija ya kioo yenye damu ya kuku na vyakula vingine vya seli, akaandika juu yake HeLa, yaani herufi mbili za mwanzo za kila jina la mgonjwa.

Seli nzima zilikufa baada ya siku chache, kama ilivyotarajiwa. Lakini seli za uvimbe zilianza kuzaana. Kila baada ya saa 24 hivi zilikuwa maradufu. Mrija mmoja ukajaa, wakahamishia katika mwingine, nao ukajaa. Dkt. Gey aliwatumia wenzake bure, nao wakawatumia wengine.

Huku nyuma mwenye seli alikuwa akiisha. Maumivu yalimzidi, na mwezi wa Agosti alilazwa asitoke tena. Tarehe 4 Oktoba 1951 Henrietta Lacks alikata roho. Inasimuliwa kwamba Mary Kubicek alipoitwa chumba cha maiti kuchukua vipande vingine, macho yake yalitua kwenye vidole vya miguu ya marehemu, akaona rangi nyekundu iliyobanduka. Hapo ndipo alipotambua kwa mara ya kwanza kwamba zile seli zilikuwa za mtu.

KITENDAWILI CHA SELI

Kazi iliyofanywa na seli za HeLa haina kifani. Chuo cha Tuskegee, ambacho ni chuo cha watu weusi katika jimbo la Alabama, kilianzisha kiwanda cha kuzikuza, na kilipofikia kilele kilikuwa kikitoa mirija 20,000 kwa juma. Zilitumiwa kupima chanjo ya polio ya Dkt. Jonas Salk, iliyotangazwa mwaka wa 1955. Mwaka wa 1960 Warusi walizirusha angani ndani ya chombo chao. Zilijaribiwa dawa, sumu na miale ya kila aina.

Lakini swali lilibaki. Kwa nini hazifi?

Miaka hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba seli yoyote ikilishwa vizuri itaishi milele. Mwaka wa 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia waliivunja imani hiyo. Walionyesha kwamba seli nzima za binadamu, hata zikitunzwa namna gani, hugawanyika kati ya mara 40 na 60 kisha hukoma. Ni kana kwamba kila seli hubeba hesabu yake ndani. Za HeLa hazikuwa na hesabu hiyo.

Hesabu hiyo imewekwa wapi? Msomaji, fikiria mkeka. Fundi akimaliza kushona ukili, hukunja pindo pande zote ili usifumuke. Ndani ya kila seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu, ambazo zimebeba urithi tuliopata kwa wazazi. Nyuzi hizo nazo zina pindo kila ncha. Pindo hilo huitwa telomea, na kwa binadamu ni mpangilio wa herufi sita za DNA unaorudiwa maelfu ya mara.

Kila seli inapogawanyika ni lazima kwanza inakili nyuzi zake zote. Mitambo ya kunakili haiwezi kufika ncha kabisa, hivyo kila mara kipande kidogo cha pindo hupotea. Mrusi Alexey Olovnikov alilibashiri jambo hilo mwaka wa 1971. Pindo likishakuwa fupi mno, seli huona hatari na kuacha kugawanyika. Si hasara tupu. Hiyo ni breki ya mwili, maana seli iliyoharibika haitaweza kuzaana bila kikomo.

Lakini kama pindo hupungua siku zote, mbona watoto hawazaliwi na mapindo mafupi kuliko ya wazazi wao? Jibu lilitoka kwa mdudu mdogo wa madimbwi asiyeonekana vizuri kwa macho. Mwaka wa 1984, katika chuo kikuu cha California mjini Berkeley, Carol Greider na mwalimu wake Elizabeth Blackburn waligundua ndani ya mdudu huyo kimeng'enya kinachoyarefusha mapindo upya. Kikaitwa telomerasi. Pamoja na Jack Szostak, walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2009.

Je, binadamu naye anacho? Mwaka wa 1989 mtaalamu Gregg Morin alikitafuta, na alikipata ndani ya seli za Henrietta Lacks. Kwa hiyo telomerasi ya binadamu ilionekana kwa mara ya kwanza katika seli za mama huyu, miaka 38 baada ya kuzikwa kwake.

Mambo yakaanza kueleweka. Telomerasi hufanya kazi kwa nguvu tukiwa tumboni mwa mama, na huendelea katika seli zinazotengeneza mbegu za uzazi na baadhi ya zile zinazofanya upya damu na ngozi. Katika seli nyingi za mtu mzima imezimwa. Saratani huiwasha upya. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 1994 uliikuta katika uvimbe 90 kati ya 101 wa saratani uliopimwa, na haikuonekana katika nyama nzima zilizopimwa.

Hata hivyo, tusiitupie telomerasi lawama yote. Mwaka wa 1998 watafiti waliitia katika seli nzima, nazo zikaendelea kugawanyika kupita mpaka wake bila kugeuka saratani. Telomerasi ni mafuta ya gari. Safari ndefu haiwezekani bila mafuta, lakini ajali huja breki zikikatwa.

Na breki za seli za Henrietta zilikatwa na nini? Mwaka wa 1984 kundi la Mjerumani Harald zur Hausen lilitangaza aina mpya ya virusi vya papiloma, aina ya 18, na kuvikuta ndani ya HeLa. Virusi hivyo, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, huingiza maagizo yake katika nyuzi za seli. Hutengeneza protini mbili zinazozima walinzi wawili wakuu wa seli, na moja ya protini hizo huamsha telomerasi. Hapo seli haina breki, na mafuta hayaishi. Yaliyomuua mama huyu ndiyo yaliyozipa seli zake uzima usiokoma.

FADHILA YA PUNDA

Nyumbani, watoto wake hawakujua lolote. Elsie alifariki mwaka wa 1955 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Wadogo zake walikua bila mama, na Deborah hakumkumbuka hata sura. Katika magazeti na vitabu mwenye seli aliitwa Helen Lane, jina la uongo. Jina lake la kweli lilichapishwa katika jarida la madaktari mwaka wa 1971, lakini familia haikuambiwa.

Habari ziliwafikia mwaka wa 1973, na si kwa barua wala mjumbe. Mke wa mwana mkubwa alikuwa katika maongezi ya kawaida na mgeni aliyefanya kazi ya utafiti wa saratani. Mgeni aliposikia jina la Lacks, akasema hizo seli anazitumia kazini. Mwaka huohuo watafiti walikuja kuwatoa damu watoto. Seli za HeLa zilikuwa zimevamia na kuchafua seli nyingine katika maabara nyingi, na wataalamu walitaka alama za kuzitambulia. Deborah alidhani anapimwa kama naye ana saratani iliyomuua mama yake, akakaa akingoja majibu ambayo hayakuja.

Kampuni zilipata fedha nyingi kwa kuuza seli hizo. Katika familia yenyewe walikuwamo walioshindwa kulipa bima ya afya. Fadhila ya punda, wahenga walisema, ni mateke. Si haki kusema kwamba Dkt. Gey alijitajirisha, kwa sababu yeye hakuziuza, na alifariki mwaka wa 1970 kwa saratani. Lakini deni lilikuwapo, na aliyedaiwa hakuonekana.

Heshima ilianza kuja polepole. Mwaka wa 2010 mwandishi Rebecca Skloot alitoa kitabu kuhusu maisha yake, na mwaka huo daktari mmoja, Roland Pattillo, alitoa jiwe la kaburi. Mwaka wa 2013 wataalamu wa Ulaya walitangaza hadharani urithi wote uliomo katika HeLa bila kuwauliza wajukuu, wakalaumiwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo taasisi za afya za Marekani zilikubaliana na familia kwamba anayeutaka urithi huo aombe ruhusa, na jamaa wa marehemu wakae katika kamati inayoamua. Mnamo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilimtunukia heshima mjini Geneva, na mwanawe Lawrence, akiwa mzee, akaipokea. Tarehe 1 Agosti 2023, siku ambayo marehemu angetimiza miaka 103, familia ilitangaza kwamba imepatana na kampuni ya Thermo Fisher, iliyokuwa imeishtaki kwa kufanyia seli hizo biashara.

DENI LETU

Yako wapi matunda yake kwetu? Elimu ya telomerasi imekwisha kuzaa dawa. Mwezi wa Juni 2024 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo imetelstat, inayoizuia telomerasi, kwa wagonjwa wa aina fulani ya maradhi ya uboho wa mifupa yanayowapunguzia damu. Ni hatua ya kwanza, wala si tiba ya kila saratani.

Tunda kubwa zaidi ni la kinga. Ugunduzi wa virusi vya papiloma ulimpa Bw. zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008, na ulifungua njia ya chanjo iliyoanza kutumiwa mwaka wa 2006. Hapa Kenya chanjo hiyo ilizinduliwa mjini Mombasa mwezi wa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Hata hivyo, saratani ya mlango wa kizazi bado inawaua zaidi ya kina mama 3,000 wa Kenya kila mwaka, na wengi wao hufika hospitali kama alivyofika Bi. Henrietta, fundo likiwa limekwisha kukomaa. Ugonjwa huu hukua polepole kwa miaka mingi, na ukionekana mapema hutibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Henrietta Lacks hakuulizwa kama angependa kutoa alichotoa. Hatuwezi kurudi kumwomba ruhusa. Lakini mzazi anayempeleka binti yake kuchanjwa, na mama anayekwenda kupimwa kabla hajasikia maumivu, wanakitumia kilichonunuliwa kwa uhai wake. Kaburi la Clover sasa lina jiwe, na juu ya jiwe limeandikwa jina lake.